Ukingo wa Nyasi: Kisa cha Ghuba ya San Francisco

Mwezi wa Desemba na Januari, bamvua kuu linapoingia kusini mwa Ghuba ya San Francisco, watu wenye darubini hupanda juu ya matuta asubuhi na mapema. Hawaendi kutazama bahari. Wanakwenda kutazama kinamasi kikizama.

Maji hupanda polepole, yakajaza kila mkono na kila kijito cha chumvi, kisha yakatandaa juu ya uwanda mzima mpaka vikabaki vichwa vya mimea tu. Hapo hujitokeza ndege ambaye mwaka mzima husikika bila kuonekana: ukubwa wa tetea, mdomo mrefu wa rangi ya chungwa, mwendo wa mtu aliyeiba. Sauti yake ni kama vijiti viwili vinavyogonganishwa. Wataalamu humwita Rallus obsoletus. Mimi, kwa kukosa jina lake katika lugha yetu, nitamwita kukuziwa wa chumvini. Siku ya bamvua hana pa kujificha. Huogelea hadharani huku shingo ameinyoosha, na juu yake mwewe wanazunguka.

Karibu naye yumo mwingine ambaye ni vigumu zaidi kumwona. Ni panya wa gramu kumi hivi, tumbo lake mara nyingi lina wekundu wa udongo, na anaweza kuishi kwa kunywa maji ya chumvi. Duniani kote hapatikani ila kandokando ya ghuba hii moja. Maji yakijaa hupanda ncha za mimea akang'ang'ania hapo, na yangeyange weupe wanapita wakimdonoa mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilishusha darubini.

Panya na kukuziwa wanatafuta pa kukimbilia. Zamani palikuwepo. Kinamasi kilikuwa kikipanda bila haraka, kikaacha kuwa kinamasi, kikawa mbuga ya nyasi. Leo nyuma yao kuna ukuta wa udongo, juu ya ukuta njia ya watembeao na mbwa wao, na chini upande wa pili maegesho ya magari ya ofisi.

Kisa cha ghuba hii husimuliwa kama ushindi, nami sibishi, kwa sababu ni ushindi mkubwa. Ila ukikitazama kutoka pale panya anaponing'inia, kina sura nyingine. Kilichookolewa kwa sehemu kubwa ni tope. Nyasi zilizopakana na tope hilo ziliachwa nje ya hesabu, na gharama ya kosa hilo inaendelea kulipwa hadi sasa, mara nyingine kwa njia ambazo hakuna aliyezitarajia.

Akina mama watatu na tume moja

Kabla ya dhahabu ya California, yaani kabla ya 1848, ghuba ilizungukwa na takriban ekari 190,000 za vinamasi vinavyoingiwa na maji ya kujaa na kupwa. Kufikia miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama ekari 40,000. Nyingine ziligeuzwa mashamba, viwanja vya ndege, majaa ya taka, bandari, na zaidi ya yote huku kusini, mashamba ya chumvi.

Mwaka 1961 mji wa Berkeley ulikuwa na mpango wa kujaza kifusi baharini ili ujiongezee ardhi hadi ufikie karibu mara mbili ya eneo lake. Ramani ya wahandisi wa jeshi ilikwisha kuonyesha kwamba kwa mwendo ule ghuba ingebaki kama mto mpana. Akina mama watatu, Kay Kerr, Sylvia McLaughlin na Esther Gulick, wakaunda chama ambacho leo kinaitwa Save The Bay, na ada yake ilikuwa dola moja. Mwaka 1965 jimbo likaunda tume ya kudhibiti ujazaji wa ghuba, BCDC, na mwaka 1969 tume hiyo ikafanywa ya kudumu. Kifusi kikasimama. Sitakaa sana hapa kwa sababu sehemu hii ndiyo inayosimuliwa kila mahali.

Ambalo husimuliwa kwa nadra ni mipaka ya ushindi ule. Tume ilipewa mamlaka juu ya maji, juu ya mabwawa ya chumvi, na juu ya utepe wa nchi kavu wa futi 100 kutoka ukingoni. Futi 100! Hata uwanja wa mpira una urefu zaidi ya mara tatu ya hapo. Mbuga za nyasi zilizofuata zikabaki mikononi mwa halmashauri za miji, na halmashauri za miji huishi kwa kodi ya majengo.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuanzisha hifadhi ya taifa ya wanyamapori kusini mwa ghuba, miongoni mwa za kwanza nchini humo kuwekwa mjini. Baadaye ikapewa jina la Don Edwards, mbunge aliyeipigania. Waliomsukuma walikuwa wakazi wa kawaida, akiwemo Florence LaRiviere wa Palo Alto, na mwaka 1988 walirudi tena Bungeni wakapata idhini ya kuipanua hadi ekari 43,000. Idhini ni karatasi, ununuzi ni pesa. Mpaka leo hifadhi ina kama ekari 30,000.

Chumvi

Msomaji aliyepita Gongoni au Marereni kule Kilifi, au aliyeyaona mabwawa ya Kunduchi, hahitaji kuelezwa shamba la chumvi lilivyo. Matuta ya udongo, maji ya bahari yanaingizwa kwa mlango, jua linafanya kazi, maji yanahamishwa kutoka bwawa moja hadi lingine yakizidi kukolea. Kusini mwa San Francisco safari hiyo ya maji huchukua kama miaka 5, kwa sababu jua lao si letu. Ukikaribia kutua kwa ndege utayaona mabwawa hayo chini kama vipande vya kanga: kijani, kahawia, waridi, na jekundu pale chumvi ilipokolea sana. Rangi hizo ni za viumbe: mwani, bakteria, na uduvi wadogo wanaopenda maji ambayo samaki angekufa ndani yake.

Kampuni ya Leslie Salt ilikusanya mashamba hayo kidogo kidogo mpaka ikamiliki karibu pwani yote ya kusini, na mwaka 1978 ikanunuliwa na Cargill. Hapo pana kichekesho cha kisheria. Hifadhi iliponunua sehemu ya ardhi hiyo mwanzoni, kampuni ilibaki na haki ya kuzalisha chumvi juu yake. Serikali ilimiliki udongo, kampuni ikamiliki maji na jua. Bendera ya hifadhi ilipepea juu ya kiwanda.

Mambo yaligeuka 2003. Seneta Dianne Feinstein alisimamia mazungumzo, na ekari 16,500 zikanunuliwa kwa dola milioni 100: jimbo la California likatoa milioni 72, serikali kuu milioni 8, na milioni 20 zikatoka kwa mifuko ya wakfu. Kati ya hizo, ekari 15,100 ziko kusini mwa ghuba, nyingine ziko karibu na mto Napa. Kwa upande wa magharibi wa Marekani haijawahi kuwepo kazi ya kurudisha vinamasi vya bahari kubwa kuliko hii.

Binamu yangu aliyewahi kukwangua chumvi Gongoni, nilipomweleza kwa simu kwamba watu wamelipa dola milioni 100 wapate ruhusa ya kutoboa matuta, aliguna. "Kaka, sisi tuta likitoboka usiku tunakatwa mshahara."

Hakukosea kushangaa. Ila swali la maana zaidi ni kwa nini zilinunuliwa hizi na si nyingine. Jibu ni rahisi kuliko ikolojia yoyote: muuzaji alikuwa mmoja. Sahihi moja, ekari elfu kumi na sita. Mbuga za nyasi zilizokuwa nyuma ya mabwawa zilikuwa na wamiliki wengi, na kila mmoja alishasikia bei ya kiwanja katika bonde ambalo dunia inaliita Silicon Valley. Uhifadhi ulifuata mahali ambapo mkataba uliwezekana. Silaumu, mnunuzi yeyote angefanya hivyo. Lakini tusidanganyane kwamba ramani ya hifadhi ilichorwa na wanyama.

Kutoboa tuta

Machi 2006 katapila zilitoboa matuta ya mabwawa matatu karibu na Alviso. Bahari ikaingia, ikatoka, ikaingia tena, na kila ilipoingia iliacha tope jembamba kama unga uliomwagika. Ndani ya miaka michache mimea ikashika. Wa kwanza ni ule mmea mnene, usio na majani ya kuonekana, wenye vifundo kama vidole. Ukiuonja ni chumvi tupu, na mtu wa pwani atakumbuka mboga ya pwani. Huwa kijani majira ya joto, na vuli ikifika unakuwa mwekundu kama kutu. Ndani yake ndimo anamoishi yule panya.

Kwa mabwawa yaliyobaki kazi haikuwa nyepesi hivyo, na hapa ndipo kisa kinapopata uzito.

Kwanza, nchi imezama. Kwa miongo kadhaa bonde la Santa Clara lilikuwa la bustani za matunda, na wakulima, kisha miji, wakafyonza maji ya chini ya ardhi bila kiasi mpaka udongo ukabonyea. San Jose ilishuka kama futi 13, na kijiji cha Alviso kikajikuta chini ya usawa wa bahari. Mwaka 1983 mafuriko yalikilaza kijiji hicho majini. Tuta la chumvi, ambalo halikujengwa kwa ajili ya kuzuia mafuriko, ndilo limekuwa likimlinda mtu kitandani mwake. Huwezi kulitoboa kabla hujajenga lingine nyuma yake.

Pili, tope lenyewe lina historia. Vilima vya New Almaden, juu ya San Jose, vilikuwa na machimbo ya zebaki iliyotumika kusafisha dhahabu ya California. Zebaki hiyo imeshuka na mto Guadalupe kwa zaidi ya karne moja ikalala katika vitako vya mabwawa. Ukiichokonoa vibaya inaingia kwa samaki, kutoka kwa samaki inaingia katika mayai ya ndege. Kwa hiyo bwawa la A8 halikutobolewa. Liliwekewa mlango wa maji wenye sehemu zinazofungwa na kufunguliwa, ukafunguliwa kidogo 2011, watafiti wakapima samaki na mayai, ukaongezwa, wakapima tena. Katika mradi mzima hakuna kitu ninachokiheshimu kama mlango huo. Ni nadra kuona taasisi ya serikali ikijenga kitu kwa makusudi ili iweze kubadili mawazo.

Tatu, na hili liliwauma wengi, mabwawa ya chumvi hayakuwa tupu. Katika miaka 150 ya kuzalisha chumvi, ndege walikuwa wamehamia. Wapo wanaokula uduvi wa chumvi tu, wakitua kwa maelfu katika safari zao za kutoka kaskazini kwenda kusini. Yupo ndege mdogo mweupe wa mchangani, anayelindwa na sheria tangu 1993, ambaye hutaga juu ya chumvi kavu kana kwamba bwawa lilijengwa kwa ajili yake. Kila bwawa unalorudishia bahari, panya anapata nyumba na huyu anafukuzwa. Ndiyo maana mpango haukusema mabwawa yote yafunguliwe. Ulisema kati ya asilimia 50 na 90, na kwamba mahali pa kusimama patajulikana njiani kwa kuhesabu ndege. Baadhi ya mabwawa yanatunzwa kama mabwawa, yakawekewa visiwa vidogo vya kutagia.

Kisha shakwe wakaingia katika hesabu. Shakwe wa California hawakuwa wakizaliana huku kusini mpaka 1980. Walipoonja jaa la taka lililo jirani na Alviso wakaita ukoo mzima, na sasa ni makumi ya maelfu. Koloni kubwa kuliko zote lilikuwa katika bwawa kavu la A6. Bwawa hilo lilipofunguliwa Desemba 2010, zaidi ya shakwe 20,000 wakatawanyika kutafuta makazi, na wengine wakaenda kuketi karibu na vifaranga vya wale ndege waliokuwa wakilindwa. Shakwe hula vifaranga kama sisi tunavyokula karanga.

Nyasi ngeni na ndege aliyezipenda

Katika miaka ya 1970 wahandisi wa jeshi walipanda nyasi za Spartina kutoka pwani ya mashariki ya Marekani ili kurudisha kinamasi karibu na mkondo wa Alameda. Nia ilikuwa njema. Nyasi zile zikazaana na ndugu zao wenyeji, na machotara waliotoka wakawa warefu, wazito, wenye nguvu kuliko wazazi wote wawili. Wakaanza kuteremka kwenye tope wazi ambalo ndege wa mwambao hulishia, wakalifunika.

Mwaka 2005 upuliziaji wa dawa ukaanza kwa nguvu, na kwa upande wa majani ulifanikiwa: zaidi ya asilimia 90 ya nyasi hizo ziliondoka. Lakini watu waliokuwa wakimhesabu kukuziwa wa chumvini wakaona idadi inashuka pamoja na nyasi. Ndege anayelindwa alikuwa amehamia ndani ya mmea unaopigwa vita. Alikuwa akijenga humo, na siku ya bamvua alijificha humo, kwa sababu machotara wale walikuwa warefu kiasi cha kubaki juu ya maji. Mamlaka ya wanyamapori ikasimamisha dawa katika baadhi ya maeneo, na wafanyakazi wakaanza kupanda mimea ya kienyeji na hata kuweka visiwa bandia vya kuelea ili ndege wapate pa kuketi maji yakijaa.

Mjadala huu huelezwa kama mgongano wa sera mbili, ule wa kuua mgeni na ule wa kumlinda mwenyeji. Mimi naona umeelezwa nusu. Jiulize kwa nini kukuziwa aliuhitaji mmea ule kiasi kile. Babu yake, maji yalipojaa, alipanda kwenye vichaka vya mwinuko wa juu, akapumzika ukingoni mwa nyasi, maji yakipwa akarudi. Mwinuko huo haupo. Palipo na tuta lililokatwa wima, ndege akachagua jani refu kuliko mengine yote, na jani hilo likawa la mgeni. Tatizo la ukingo lilivaa nguo za tatizo la magugu.

Ipo sura nyingine ya jambo hilohilo. Kiwanda cha kusafisha majitaka cha San Jose kinamwaga maji safi mwisho wa ghuba. Maji hayo, kwa kuwa hayana chumvi, yaligeuza sehemu ya kinamasi cha chumvi kuwa matete ya maji baridi, na panya wetu haishi kwenye matete. Mwaka 1990 mamlaka ya maji ya jimbo ikakiwekea kiwanda kikomo cha galoni milioni 120 kwa siku wakati wa kiangazi. Maji safi yalihesabiwa kama uchafu. Ndipo miji ikaanza kupeleka maji yaliyosafishwa kwenye bustani na viwanda kwa mabomba mengine, na leo watu wanajivunia mfumo huo bila kukumbuka kwamba ulianzia kwa panya.

Ng'ombe wa Warm Springs

Sasa twende penye nyasi. Kusini mwa Fremont, ukitoka kwenye kiwanda cha magari ya Tesla, kuna kipande cha hifadhi kinachoitwa Warm Springs. Ukifika Agosti utasema hapa hakuna kitu: majani makavu, udongo umepasuka, upepo. Ukifika Machi utakuta vidimbwi. Chini ya nyasi kuna udongo mfinyanzi usiopitisha maji, kwa hiyo mvua ya masika yao, ambayo hunyesha wakati wa baridi, hukaa juu. Vidimbwi hivyo vina viumbe wanaoishi haraka: uduvi wa umbo la kiluwiluwi wa chura ambao mayai yao hulala kwenye vumbi mpaka mvua irudi, na salamanda mweusi mwenye madoa ya manjano anayeishi ndani ya mashimo ya kindi wa ardhini. Maji yanapokauka, ukingoni mwa kila kidimbwi huchanua duara la maua madogo ya manjano, Lasthenia conjugens, ambayo yako kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka.

Ng'ombe walilishwa mahali hapo tangu enzi za Wahispania na Wameksiko. Hifadhi ilipopata ardhi, ng'ombe waliondolewa. Ni uamuzi ambao mtu yeyote mwenye nia njema angeufanya: wanyamapori na mifugo, chagua mmoja. Matokeo yake nyasi ngeni za Ulaya zikapanda mpaka magotini, zikafa, zikalala kama mkeka mzito, na maua ya manjano yakakosa pa kutokea. Nyasi nyingi pia hunywa maji mengi, hivyo vidimbwi hukauka kabla viumbe wake hawajakomaa. Mtafiti Jaymee Marty, aliyefanya jaribio katika bonde la kati la California na kulichapisha 2005, alikuta kwamba kuondoa ng'ombe kwa miaka mitatu kulipunguza muda wa maji kukaa kwenye vidimbwi vya aina hii kwa asilimia 50 hadi 80.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ng'ombe wakarudishwa Warm Springs, kwa idadi na misimu iliyopangwa. Nimewaona, weusi, wakitafuna bila habari kwamba wameajiriwa na serikali kuu. Mmoja alisimama kwato zake za mbele ndani ya kidimbwi, na alipoondoa mguu shimo lake likajaa maji papo hapo. Mmasai au Mbarabaig angelisoma jambo hili kwa kucheka, kwa kuwa ndilo amekuwa akiliambia shirika baada ya shirika huko kwetu. Lakini asicheke sana: ng'ombe hawa wanafaa kwa sababu kulungu wakubwa na wanyama mfano wa swala wa California walikwisha kutoweka mahali hapo, na kwa sababu kuna mtu anayepima urefu wa nyasi na kusema wangapi watoke lini.

Bundi wa mashimoni anahitaji hizo hizo nyasi fupi. Ni bundi wa ajabu, miguu mirefu, anasimama mchana kweupe mlangoni mwa shimo alilochimbiwa na kindi, akikutazama kama mlinzi wa geti. Kusini mwa ghuba hii alikuwa wa kawaida, sasa anahesabika. Baadhi ya mashimo yake ya mwisho yako kwenye uwanja unaozunguka kile kiwanda cha majitaka, ambao ulibaki mtupu kwa sababu nani atajenga nyumba karibu na harufu. Oktoba 2024 tume ya wanyamapori ya California ilimpa hadhi ya kulindwa kwa muda wakati ombi lake likichunguzwa. Hakuna muuzaji mmoja wa kumnunulia mbuga. Anayo mabaki tu.

Futi za mwisho

Mwezi Juni 2016 wapigakura wa kaunti tisa zinazoizunguka ghuba waliulizwa kama wako tayari kulipa dola 12 kwa mwaka kwa kila kiwanja, kwa miaka 20, ili kugharimia vinamasi. Ilihitajika theluthi mbili. Wakakubali kwa takriban asilimia 70, na jumla yake ni kama dola milioni 500. Hapo hakuna wa kuwaambia watu hawa kwamba hawajali.

Na mawazo yamebadilika. Tuta jipya la kuilinda Alviso, ambalo Bunge liliidhinisha 2016, halikuchorwa kama ukuta mtupu. Sehemu zake zimepangiwa mteremko mrefu upande wa bahari, wa kupandwa nyasi na vichaka vya kienyeji, ili panya apande kwa miguu yake. Ni kuujenga upya, kwa malori ya udongo, ule ukingo ambao zamani ulikuwepo bure. Gharama imekuwa ikipanda mwaka hadi mwaka.

Wakati huohuo bahari inapanda. Kinamasi chenye afya huweza kurudi nyuma, mmea kwa mmea, kikaihamia mbuga. Penye tuta hakirudi. Kinabanwa mpaka kinakwisha. Kwa hiyo kila kipande cha nyasi kilichobaki wazi nyuma ya kinamasi si mbuga ya leo tu, ni kinamasi cha miaka hamsini ijayo.

Mji wa Newark unacho kipande kama hicho, karibu kabisa na hifadhi, ndani ya mpaka ule ambao Bunge liliuruhusu hifadhi kupanuka. Mwaka 2019 halmashauri iliidhinisha nyumba 469 hapo, juu ya kifusi cha kuziinua zisifikiwe na mafuriko. Kamati ya wananchi wanaotaka hifadhi ikamilishwe, ile iliyoanza miaka ya 1980 kwa akina LaRiviere na wenzao, ilikwenda mahakamani. Moja ya hoja zao ilikuwa hii hii ya ukingo: kwamba maji yakipanda, nyumba zile zitakiziba kinamasi njia ya kurudi nyuma. Mahakama ya rufaa ikaupa mji haki. Kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya California, mradi unapimwa kwa madhara unayoyaleta wenyewe kwa mazingira. Kupanda kwa bahari hakukuletwa na mjenzi.

Kisheria naielewa hukumu hiyo, na wakili yeyote angeieleza vizuri kuliko mimi. Juu ya tuta la Alviso, hata hivyo, swali huja kwa namna nyingine. Saa tano asubuhi maji yalikuwa yamefika kilele. Kukuziwa mmoja alitoka majini akapanda tuta mpaka katikati ya njia, manyoya yamelowa, akasimama hatua kumi kutoka kwa mtu aliyekuwa akikimbia na vipokea sauti masikioni. Mkimbiaji akapita upande mmoja. Ndege akatazama upande wa pili wa tuta, kwenye maegesho, akatazama maji aliyotoka, akakaa hapohapo.